Hawala ya Jumamosi: Kisa cha Mwalimu wa Limerick

Wasomaji wangu wapendwa, wengi wetu tuliopitia shule za misheni tulipata kufundishwa na mtu wa Ayalandi, au twamjua mtu aliyefundishwa naye. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921, na baada yao wakaja wengine wengi. Tulijifunza kwao hesabu na sarufi, na wako waliochukua hata matamshi yao pasipo kujua. Walakini ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza: huyu mwalimu amemwacha nani kwao? Ni nani anayengojea barua yake?

Juma hili nataka kuwasimulia habari za mwalimu mmoja Mwayalandi ambaye hakuja kwetu, bali alivuka bahari ya Atlantiki akaenda kufundisha New York. Namchagua huyo kwa sababu habari zake aliziandika mwenyewe, wala hakuyaficha yale ambayo watu wa heshima huyafunika. Jina lake ni Frank McCourt.

Alizaliwa Brooklyn, katika mji huo huo wa New York, tarehe 19 Agosti 1930. Wazazi wake walikuwa wahamiaji. Baba alitoka Antrim, upande wa kaskazini wa Ayalandi, na mama, Angela, alitoka Limerick, mji wa mvua ulio kando ya mto Shannon. Miaka ile kazi zilikuwa haba Marekani, na mtoto wao wa kike akafariki akiwa mchanga. Basi wakarudi Ayalandi na wana wanne, wakakaa Limerick. Huko mapacha wawili wakafariki, mmoja baada ya mwenziwe. Baadaye wakazaliwa wengine wawili, hata mwisho wakawa ndugu wanne walio hai: Frank, Malachy, Michael na Alphie.

Baba yao alikuwa bingwa wa hadithi, na asubuhi, kabla pombe haijamshika, watoto walimpenda mno. Lakini mshahara wake ulikuwa na miguu. Ulipoingia mfukoni Ijumaa, ulitembea mpaka kilabuni, na Jumamosi nyumba haikuwa na mkate.

Hapa nawaomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Ayalandi haikuingia vitani. Viwanda vya Uingereza vilihitaji mikono, maana vijana wao walikuwa wameitwa jeshini. Kwa hiyo wanaume wengi wa Limerick walivuka bahari kwenda huko kufanya kazi, na mishahara yao ikawa yarudi nyumbani kwa hawala ya simu. Kila Jumamosi vijana wa posta walipita vichochoroni kwa baiskeli, wakigawa zile hawala mlango kwa mlango. Mwanamke aliyepokea yake alilipa deni la dukani, akanunua nyama, na watoto wake walionekana barabarani wenye viatu. Mtaa mzima ulijua nani amepata na nani hakupata, maana harufu ya nyama haifichiki.

Baba yake Frank naye alikwenda, akapata kazi Coventry. Mama akasimama akingoja. Jumamosi ya kwanza ikapita, na nyingine, na nyingine. Fedha za baba yule karibu hazikuja kabisa. Zilinywewa kule kule zilikopatikana. Mama akaenda kuomba msaada wa masikini, jambo ambalo kwa mwanamke wa mji ule lilikuwa aibu kuliko njaa yenyewe.

Msomaji ambaye babu yake alifanya kazi ya reli, au bandarini Mombasa, picha hii ataijua bila kuelezwa. Kwetu pia walikuwako wanawake waliokwenda posta mwisho wa mwezi wakarudi mikono mitupu, wakasema njiani kwamba hawala imechelewa. Siku hizi fedha huenda kwa simu ya mkononi kwa dakika moja, lakini kungoja hakujabadilika.

Frank alipokuwa na miaka 10 aliugua homa ya matumbo, akalazwa hospitali muda wa miezi kadhaa. Hapo kitandani ndipo alipoonja maneno ya Shakespeare kwa mara ya kwanza, na yeye mwenyewe amesema kwamba maneno yale yalikuwa kama vito mdomoni mwake. Walimu wake walimwona kuwa ana akili. Mwalimu mkuu akamshauri mama ampeleke katika shule ya sekondari. Wakaenda, wakabisha hodi, wakaambiwa hakuna nafasi, na mlango ukafungwa mbele yao. Elimu ya sekondari wakati ule haikuwa ya watoto wa vichochoroni. Miaka mingi baadaye waziri mmoja wa elimu, Donogh O'Malley, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Limerick, alitangaza mwaka 1966 kwamba sekondari itakuwa bila karo, na mwaka 1967 jambo hilo likaanza. Kwa Frank lilikuwa limechelewa zaidi ya miaka 20.

Alipotimiza miaka 14 akaajiriwa. Na kazi aliyopewa, ndugu wasomaji, ndiyo ile ile: kijana wa posta wa kupeleka simu kwa baiskeli. Mtoto aliyekuwa akichungulia mlangoni Jumamosi kuona kama hawala imekuja, sasa ndiye aliyezipeleka hawala za baba za watu wengine. Mshahara wake ulikuwa pauni moja kwa juma.

Ilipofika wakati wa kufanya mtihani wa posta ili awe mtumishi wa kudumu, mwenye kazi ya uhakika na malipo ya uzeeni, hakuufanya. Mimi ni karani wa serikali, na nakiri kwamba nilipofika hapo katika kitabu nilitikisa kichwa. Kazi ya kudumu! Wazee wangu wangeniitia kikao. Lakini kijana alikuwa ameona kwamba akishika cheo kile hatakwenda Marekani kamwe, naye moyo wake ulikuwa umekwisha kusafiri. Akaenda kufanya kazi kwa wauzaji wa magazeti, akaweka akiba.

Alikuwa pia na kazi ya siri. Bibi kizee mmoja, mkopeshaji wa fedha, alimwajiri kuandika barua za kuwatisha wadeni wake. Frank aliziandika kwa maneno makali yaliyotoka vitabuni, na wadeni, ambao wengine walikuwa jirani zake mwenyewe, walitetemeka wakalipa. Siku moja alimkuta yule bibi amekufa kitini. Akachukua fedha zilizokuwamo, na lile daftari la madeni akalitupa katika mto Shannon. Kuchukua fedha za maiti ni wizi, nami sitaki kulipaka jambo hilo chokaa, ingawa naamini kwamba usiku ule zilikuwako nyumba nyingi Limerick ambazo zingemwombea baraka kama zingalijua nani kalitupa daftari.

Mwaka 1949, mwezi wa Oktoba, akapanda meli iitwayo Irish Oak katika bandari ya Cork. Alikuwa na miaka 19. Kwa kuwa alizaliwa Brooklyn alikuwa raia wa Marekani kwa haki ya kuzaliwa, lakini moyoni, na kwa matamshi yake, na kwa meno yake mabovu, alikuwa mhamiaji kama wengine. Hakuwa peke yake katika njia ile. Kati ya mwaka 1951 na 1961 watu wapatao 400,000 waliihama Ayalandi, nchi ambayo mwaka 1961 ilikuwa na watu milioni 2.8 tu. Zilikuwako nyumba ambazo watoto wote walikwenda, wakabaki wazee wawili na picha ukutani.

New York akapata kazi katika hoteli kubwa ya Biltmore, ya kufagia ukumbi na kumwaga majivu ya sigara. Mwaka 1951 akaitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani, Bavaria, ambako alifundishwa kuzoeza mbwa, kisha akafanywa karani. Na huko jeshini akafanya jambo ambalo baba yake hakulifanya: aliandikisha sehemu ya mshahara wake ikatwe na kupelekwa kwa mama yake moja kwa moja, isipitie mkononi mwake. Mtoto wa mlevi alijua kwamba fedha iliyo salama ni ile usiyoishika.

Alipotoka jeshini mwaka 1953 alifanya kazi za mikono bandarini na katika maghala. Wakati huo ilikuwako sheria ya Marekani ya kuwalipia karo askari waliotoka jeshini. Akaenda New York University, hali hajakanyaga sekondari hata siku moja, akawaambia wakuu kwamba hana cheti ila amesoma vitabu vingi. Wakamkubali kwa majaribio ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba alama zake zisishuke. Hazikushuka. Mwaka 1957 akapata shahada.

Mwaka 1958 akaanza kufundisha Kiingereza katika shule ya ufundi ya McKee, kisiwani Staten Island. Watoto pale walikuwa wa mafundi na wapagazi wa bandarini. Wengi walitaka kuwa mafundi wa magari na wa umeme, si wasomaji wa mashairi. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajafungua kinywa, mvulana mmoja akamtupia mwenzake mkate uliotiwa nyama, ukaanguka sakafuni. Darasa zima likamkodolea macho mwalimu mgeni. Vitabu vya chuo cha ualimu havikuwa na neno juu ya mkate unaoruka. Frank akauokota, akaukunjua katika karatasi yake, akaula wote mbele yao. Watoto wakanyamaza kwa mshangao. Kwa bahati mbaya mkuu wa shule alikuwa akichungulia dirishani pa mlango, akamwita nje, akamkaripia kwa kula chakula cha mchana asubuhi yote ile.

Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ambayo aliifanya karibu miaka 30. Madarasa matano kwa siku, siku tano kwa juma, wanafunzi wapatao 170 kila siku. Baadaye alipiga hesabu mwenyewe, akaona amewafundisha vijana wapatao 12,000 katika masomo yasiyopungua 33,000. Mwenzangu mwalimu usomaye haya, jaribu kuvuta hewa baada ya tarakimu hizo. Na kila jioni alibeba nyumbani mfuko wa insha za kusahihisha.

Wanafunzi wake waligundua upesi siri moja. Wakitaka somo la sarufi lisifike, walimwuliza mwalimu juu ya Ayalandi. Mlikula nini? Mlilala wangapi kitandani? Naye akawasimulia habari za Limerick, za mvua, za viatu vilivyotiwa viraka kwa mpira wa baiskeli. Alijiona kuwa mwalimu mbaya anayepoteza saa za serikali. Hakujua kwamba alikuwa akiandika kitabu chake kwa mdomo.

Jambo jingine lililonipendeza ni habari ya barua za udhuru. Mwanafunzi aliyekosa shule alipaswa kuleta barua ya mzazi. Frank aliziweka katika meza yake, na siku moja alipozisoma kwa utulivu akatambua kwamba nyingi zimeandikwa na watoto wenyewe kwa mkono wa kuigiza. Mwalimu mwingine angechukua fimbo, au angewapeleka kwa mkuu wa shule. Yeye aliona ajabu: watoto hawa ambao wakiambiwa waandike insha ya maneno 200 hulia, hapa wameandika visa vya moto na mafuriko, vya mbwa walioila kazi ya nyumbani na vya watoto waliozaliwa garini, kwa ufasaha wa kupendeza. Akawasomea barua chache pasipo kutaja majina. Kisha akawaambia waandike barua ya udhuru kutoka kwa Adamu kwenda kwa Mungu, au kutoka kwa Hawa. Kengele ilipolia hawakutaka kuondoka. Walipokuwa katikati ya kazi hiyo akaingia mkuu wa shule pamoja na mkaguzi, na Frank akajua leo ndiyo siku ya kufukuzwa. Walipokwisha kuzunguka madawatini walimpa mkono wa pongezi.

Haikuwa asali siku zote. Alifundisha katika shule kadhaa, akahama-hama. Mwaka 1969 alirudi Ayalandi kusoma shahada ya udaktari katika Trinity College, Dublin, akashindwa kuimaliza, akarejea New York mwaka 1971. Hatimaye alipata nafasi katika shule ya Stuyvesant, ambayo wanafunzi wake huingia kwa mtihani mgumu, akafundisha uandishi hapo hata alipostaafu mwaka 1987. Ndoa zake mbili za kwanza zilivunjika. Sina la kusema juu ya hilo.

Sasa nirudie mama. Malachy alimfuata Frank Marekani mwaka 1952, kisha Michael, kisha Alphie. Limerick haikubaki na mwana hata mmoja. Mwaka 1959 Angela naye akavuka bahari kuwatembelea wanawe, akabaki huko. Mtu angetazamia kwamba hapo ndipo furaha ingeanza: wana wote wako karibu, wanakula, wanavaa. Lakini Frank ameandika kwa uaminifu kwamba haikuwa hivyo. Mama alikuwa mpweke katika mji ule, na wana walikuwa na mambo yao, na maneno makali yalipita kati yao. Wakati wa bahari kuwatenganisha, hawala na barua zilibeba upendo wote. Walipokaa mji mmoja, yale ambayo hawala ilikuwa ikiyafunika yakajitokeza: hasira ya zamani, aibu ya zamani, na jambo ambalo mwana aliona mama amelifanya ili wapate pa kulala.

Frank na Malachy walikuwa wametunga mchezo wa kuigiza juu ya utoto wao, wakauonyesha jukwaani, watu wakacheka. Yasimuliwa kwamba mama yao, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, alisimama akapaza sauti mbele ya umati kwamba mambo hayakuwa hivyo, na kwamba yote ni uongo mtupu. Nami nimelifikiri jambo hili kwa siku nyingi. Wasomaji wengi humcheka mama yule. Mimi simcheki. Umasikini ule ulikuwa mali yake kabla haujawa hadithi ya wanawe. Yeye ndiye aliyeomba mabaki ya chakula, yeye ndiye aliyewazika watoto watatu. Na sasa watu wamelipa kiingilio wapate kucheka. Kwetu mwana akisimama barazani akataja njaa ya nyumba ya mama yake, wazee watamwuliza kama ameomba ruhusa. Lakini tena, wahenga wamesema mficha uchi hazai. Kama Frank angaliinyamazia aibu ile, watoto wa vichochoro vya Limerick wangalikuwa wamekufa mara mbili. Kati ya mama na mwana sijui hakimu gani angethubutu kukata shauri.

Angela alifariki New York mwaka 1981. Mwili ulichomwa moto, na baadaye wanawe wakayachukua majivu hadi Ayalandi, wakayamwaga katika magofu ya kanisa la zamani la Mungret, karibu na Limerick, penye makaburi ya jamaa zake. Baba alifariki Belfast mwaka 1985, na Frank akavuka bahari kwenda kumzika. Mtu ambaye hawala yake haikufika alizikwa na mwana aliyengoja.

Alipostaafu ndipo Frank alipokaa chini kuandika. Kitabu chake, Angela's Ashes, kilitoka mwaka 1996, naye ana miaka 66. Maana ya jina ni majivu ya Angela, lakini ajabu ni kwamba majivu hayo ya mama hayamwagwi katika kitabu hicho, bali mwishoni mwa kile cha pili, cha mwaka 1999. Mwaka 1997 akapata tuzo ya Pulitzer, na kitabu kikauzwa kwa mamilioni. Limerick iligawanyika. Chuo kikuu cha mji ule kilimpa shahada ya heshima mwaka huo huo wa 1997, na wakati huo huo walikuwako wenyeji waliosema amewachafulia mji na kuongeza chumvi. Kitabu chake cha tatu, cha mwaka 2005, ndicho kilichohusu ualimu, na kama msomaji ni mwalimu na atapata kimoja tu, na apate hicho.

Alifariki tarehe 19 Julai 2009. Mwaka uliofuata mji wa New York ulifungua shule ya sekondari yenye jina lake. Ndugu zake nao waliandika. Malachy alikuwa na kitabu mwaka 1998 na Alphie mwaka 2008, na habari zao hazikupatana katika kila jambo, kama ilivyo kwa ndugu wote wanaosimulia nyumba moja. Michael alifariki mwaka 2015, Alphie mwaka 2016, na Malachy, wa mwisho wao, mwezi wa Machi 2024. Wote wanne walifia Marekani, na huko Mungret nyasi zimekwisha kuota juu ya majivu ya mama yao.